Pamba Katika Kiatu cha Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona Metrine zilikuwa nyayo mbili za buti zikiitazama dari.

Alikuwa mlinzi wa zamu ya asubuhi. Saa mbili kasoro alifungua mlango mkubwa wa ukumbi kama kila siku, baridi ikampiga usoni, na pale mbali, kwenye kona ya ziwa, akaziona buti. Akadhani kuna mtu kazisahau juu ya barafu. Alipokaribia aliona kuwa buti zina miguu ndani, na mwili umezama kichwa chini mpaka kiunoni katika tundu la kuvulia samaki, na barafu yote kulizunguka tundu lile ilikuwa nyekundu hadi penye kibendera cha alama ya tundu.

Metrine hakupiga kelele. Alivua koti lake la kazi, akaifunika ile miguu ili maiti asikae wazi mbele za watu, ndipo akapiga simu polisi. Kisha akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake, na basi la wafanyakazi lilipofika hakumruhusu hata mmoja kuingia. Wote walisimama kwenye jua la Julai, migongo ukutani, wakimngoja mkuu.

Mkuu aliyekuja alikuwa Luteni Sulaiman. Babu yake alihamia Dubai kutoka Unguja, na Sulaiman mwenyewe alilelewa Deira na bibi aliyekataa kujibu mtu yeyote ndani ya nyumba yake asiyemsemesha Kiswahili. Kwa sababu hiyo, kesi yoyote yenye Waganda na Wakenya ndani yake ilimwangukia yeye.

Ukumbi ule wa Al Garhoud, si mbali na uwanja wa ndege, ulikuwa umejengwa kwa ajili ya jambo moja. Ndani yake palichimbwa ziwa, likagandishwa juu kwa mashine, na chini ya barafu wakawekwa samaki aina ya trauti wa ziwani walioletwa kwa ndege kutoka nchi za baridi. Mgeni huazimwa koti, huketi kwenye kigoda kando ya tundu, huteremsha mshipi na kusubiri. Nje watu wanaungua. Yeye huku anatetemeka na kulipia kutetemeka kwake.

Walipomtoa maiti tunduni, hata koplo wa Sulaiman aliyezoea mambo hayo aligeuza uso. Maiti alikuwa Yekoniya, Mganda, msimamizi wa barafu. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa, na kilipasuliwa mara nyingi kuliko inavyohitajika kumuua mtu. Nywele zilikuwa zimeshikana na barafu ikabidi zikatwe kwa kisu. Trauti walikuwa wamekwisha kuyagusa macho. Katika kiganja chake cha kulia alikuwa bado ameng'ang'ania mwisho wa bomba jembamba la hewa. Mtaimbo wa kutobolea barafu ulilala hatua chache kutoka pale, ncha yake ikiwa na ngozi ya mtu.

"Hajafa zamani," daktari alisema. "Saa kumi na mbili asubuhi, pengine saa moja. Si zaidi."

Sulaiman alichutama akaitazama barafu. Kote ziwani ilikuwa nyeupe na nene kama ukuta. Pale konani ilikuwa nyeusi, mtu angeweza kuona samaki wakipita chini yake, wengi, wamesongamana kama watu sokoni.

"Kamera?" aliuliza.

"Za juu ya ziwa zimezimwa, bwana," koplo alijibu. "Marehemu mwenyewe ndiye huzizima asubuhi, sijui kwa nini. Ya mlango wa nyuma imezibwa na ukungu tangu mwezi uliopita."

"Na huo mlango wa nyuma?"

"Wa kupokelea maziwa na chambo. Ufunguo wake hufichwa chini ya kreti. Kila mfanyakazi anajua."

Wafanyakazi wakaruhusiwa kuingia, wakaketishwa kwenye mabenchi ya kantini. Macho yao yalikuwa mekundu kwa jua na midomo imewakauka. Hata hawajatulia, mwanamke mfupi mwenye aproni ya bluu alianza kupita na trei akimpa kila mmoja kikombe. Jina lake Justine, Mganda, muuza chai. Alimpa Metrine kwanza, akamvika na shali yake mabegani, kwa kuwa koti la Metrine lilikuwa limebaki juu ya maiti. Sulaiman naye akapewa. Chai ilikuwa ya maziwa, imeiva sawasawa, tangawizi imeingia mpaka ndani, na juu ina utando. Alikumbuka nyumba ya bibi yake, akashukuru.

Koplo alirudi mbio, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

"Nimepata, bwana."

Alikuwa ameshika jozi ya viatu vya meno, vile vyenye misumari chini vya kutembelea barafu. Vilioshwa, lakini katikati ya misumari kulibaki damu. "Vilikuwa vimewekwa juu ya bomba la moto, nyuma ya mashine ya kugandishia. Ni vya Shafiq, mtoboaji wa matundu. Jana alipigana na marehemu mbele ya watu wote. Na leo hakupanda basi, amekuja kwa miguu yake."

Sulaiman alivigusa. Vilikuwa na joto, tena joto la kufika ndani. Akaingiza mkono katika kile cha kushoto, akatoa pete ya pamba safi, imezungushiwa uzi mweupe mwembamba na kufungwa mafundo mawili.

"Viatu vingine viko wapi?"

"Rafuni. Baridi kama chuma."

Shafiq aliletwa. Kijana mwembamba wa Iganga, Uganda, jicho moja limevimba, anatembea kwa kuchechemea.

"Ulipigana na Yekoniya jana?"

"Alinipiga, afande. Mimi nilishika tu mikono yake isiniue."

"Kwa sababu gani?"

"Nilimwambia barafu ya kona imekuwa nyeusi, tusiweke wageni pale. Akanipiga na mpini wa keekee." Akafungua kinywa. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na ufizi ulikuwa mbichi. "Nilipoanguka akanipiga mateke ya tumbo. Waulize. Hakuna aliyethubutu kumshika."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nililala kwa Sowedi, Al Rigga, anikande na maji ya moto. Yeye ni mlinzi, akatoka alfajiri. Nikabaki peke yangu."

"Hakuna aliyekuona?"

"Mungu."

Koplo alikohoa. Sulaiman akamwonyesha pamba. "Na hii?"

Shafiq aliitazama kwa muda, na uso wake uliojaa hofu ukalegea kidogo. "Ni ya mguu wangu. Sina vidole viwili vya kushoto, afande. Bila pamba, kiatu kinanila."

"Unajiwekea mwenyewe?"

"Hapana. Tangu nirudi hospitali, kila asubuhi nakuta viatu vyangu rafuni vina moto, na pamba mpya ndani. Sijui nani. Nilishauliza, watu wakanicheka, wakaniambia nimepata jini wa kunipenda."

"Vidole vilikwendaje?"

"Siku ya Rosina."

Kule nyuma, kikombe kiligonga trei.

Rosina alikuwa mfagiaji theluji. Miezi mitatu nyuma alipelekwa kufagia ile kona, barafu ikapasuka chini yake. Shafiq aliyesikia mlio alitoka upande wa pili wa ziwa, akajitupa majini kumtafuta, mguu wake ukanasa katika barafu. Rosina alitolewa akiwa amekufa. Mguu wa Shafiq ulitolewa ukiwa mweusi.

"Katika karatasi zetu," Sulaiman alisema taratibu, "imeandikwa aliteleza bafuni, akagonga kichwa."

Shafiq alitazama sakafu. "Mimi sikuandika, afande."

Koplo alimvuta Sulaiman pembeni. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: kijana ana chuki, ana viatu vyenye damu, hana shahidi. Baada ya sala ya alasiri faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Wote wawili walijua kwamba kwa mauaji ya namna ile mtu anaweza kulipa kwa shingo yake. Shafiq naye alijua. Aliomba kitu kimoja tu: asipigiwe simu mkewe Shakira, ambaye alikuwa anangoja kujifungua wakati wowote. "Asisikie leo," alisema. "Mtoto atoke kwanza."

Sulaiman alikwenda kwa Maan, meneja. Alimkuta ofisini amevaa suruali iliyolowa magotini.

"Uliingia ziwani leo, sir?"

"Niliteleza. Baada ya nyinyi kufika. Muulize huyo mlinzi."

"Kona ile imekuwa nyeusi kwa nini?"

Maan alianza kusema juu ya joto la mwaka huu na mashine kuchoka. Sulaiman alimwekea mezani kile kipande cha bomba la hewa alichokutwa nacho marehemu.

"Samaki wanafuata hewa," alisema. "Mtu akilisogeza bomba hili chini ya kona moja, trauti wote watahamia huko. Wageni wakubwa wataketi hapo na kuvua kila wanapoteremsha mshipi, na watamfurahia aliyewaketisha. Lakini maji yanayochemka kwa hewa hayagandi vizuri. Ndiyo maana alizima kamera. Wewe ulijua?"

Maan alijifuta uso. "Nilijua baada ya yule msichana. Nilimwambia Yekoniya khalas, iwe basi, asirudie. Alikuwa ananicheka. Aliniambia nikisema juu ya bomba, naye atasema juu ya ile habari ya bafuni niliyoandikisha."

"Basi ulikuwa na sababu ya kumnyamazisha."

"Nilikuwa nayo. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili nilikuwa uwanja wa ndege napokea makreti ya samaki. Wapakuzi waliniona, maofisa wa mizigo waliniona."

Koplo alipiga simu. Ilikuwa kweli. Maan angejibu kwa ajili ya Rosina, lakini si kwa ajili ya Yekoniya.

Sulaiman alirudi kantini, akaketi peke yake. Viatu vile vilimsumbua. Mtu aliyeua na anayetaka kujificha huvitupa viatu. Anayetaka kumtwika mwenzake huviacha na damu yake, mahali pa wazi. Huyu alivisugua, akavipeleka kwenye moto, kisha akatafuta pamba safi na kuiweka palepale penye kidonda. Hakufanya hivyo kwa hila. Mkono wake ulikuwa umezoea tu, kama mama anayefunika sufuria hata nyumba ikiwa inaungua.

Mbele yake kilikuwapo kikombe chake cha asubuhi, na ule utando umeganda ukingoni. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Metrine.

"Mama Metrine, kabla sijafika, ulimruhusu mtu yeyote apite?"

"Hapana, sir. Si hata mmoja. Walinitukana huko nje kwa jua, Justine ndiye aliwatuliza. Waliingia uliporuhusu wewe."

"Na chai ilikuja baada ya muda gani?"

Metrine aliishika ile shali ya Justine aliyokuwa bado amejifunga. Machozi yakamjaa.

"Usiniulize hilo, sir," alisema.

Alasiri ilikuwa inakaribia. Sulaiman aliagiza wafanyakazi wote waje ukingoni mwa ziwa. Alisema anataka Shafiq aende mpaka kwenye tundu aonyeshe alivyofanya, na mbele ya wote koplo alimtupia kijana jozi nyingine ya viatu vya meno kutoka rafuni. Shafiq aliketi kwenye kigoda akavivaa. Kile cha kushoto kilipoingia, alifumba macho.

"Twende," Sulaiman alisema. Hakupenda sauti yake mwenyewe.

Shafiq alipiga hatua ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu goti lilimwisha nguvu, akaanguka kifudifudi, na viganja vyake vikaacha damu juu ya barafu.

"Inuka. Yalla, haraka."

Aliinuka. Akaanguka tena.

"Ngoja," sauti ilisema.

Justine alikuwa amekwisha kukanyaga barafu. Ndara zake ziliteleza, akazivua, akaja kwa soksi tupu. Alipiga magoti, akaupakata mguu wa kijana, akakivua kiatu, akakipulizia ndani kwa pumzi yake. Kisha akatoa mfukoni mwa aproni kipande cha pamba, na kifuko cha majani ya chai, akakata uzi wa kile kifuko kwa meno, akaizungushia pamba na kufunga mafundo mawili. Alifanya yote hayo bila kutazama, vidole vyenyewe vikijua pa kupita.

Alipomaliza ndipo aliponyanyua uso na kuona watu wote wanamtazama. Sulaiman alikuwa ameshika kiganjani ile pamba nyingine.

"Ni uzi uleule, dada," alisema.

Justine alivitazama vifundo vya kwanza, kisha vya pili. "Ndiyo," alisema. "Ni wangu."

"Chai ilikuwa imeiva hata kabla hamjaruhusiwa kuingia. Uliipika saa ngapi?"

"Kabla Yekoniya hajaja." Aliketi palepale juu ya barafu. "Ningekuambia, bwana. Nilijiambia nitasema akitolewa nje. Halafu nikasema akifika garini. Niliogopa. Mwachie huyu, hana kosa."

Shafiq alikuwa anamtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Ni wewe?" aliuliza, na hakuna aliyejua anauliza juu ya lipi.

"Rosina nililala naye kitanda kimoja miaka miwili," Justine alisema, akimwambia yeye tu. "Yeye ndiye alikuwa anapasha viatu vya wote. Alipokufa, wewe peke yako ndiye uliyeingia majini. Nikaona angalau vyako visilale baridi. Yekoniya alikataza watu wasikaribie mashine, ndiyo maana kila siku nakuja mapema kwa treni, napitia nyuma, kisha natoka kujichanganya na wenzangu wakishuka basi."

"Na leo?" Sulaiman aliuliza.

"Leo alinikuta. Akavichukua viatu juu ya bomba, akavirusha mpaka kwenye barafu. Akasema, 'Nenda ukavichukue, uone alikokwenda mwenzako.' Nikamwambia Rosina angepona kama angepewa mkono. Akacheka." Alimgeukia Sulaiman. "Bwana, mimi ndiye niliyemvisha Rosina nguo kabla hajasafirishwa kwao. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjika vyote. Niliambiwa ni barafu. Leo Yekoniya aliniambia mwenyewe. Alisema, 'Alinishika suruali. Nikamkanyaga vidole mpaka akaachia. Ulitaka na mimi nife?' Alisema hivyo huku anainama tunduni kulisukuma bomba lake."

"Wewe ukafanya nini?"

"Ndara zinateleza. Nikavaa vile viatu vilivyokuwa vimeanguka pale. Mtaimbo ulikuwa umeegemezwa kwenye kigoda. Nikampiga. Akanitukana, nikampiga tena, akawa anatambaa kwenda kwenye tundu, ananiita jina la Rosina, sijui kwa nini aliniita hivyo. Niliendelea mpaka kichwa kikalainika. Kisha nikamsukuma kichwa ndani ya maji aone na yeye kulivyo."

Metrine alijifunika uso kwa shali.

"Ukaenda kuviosha," Sulaiman alisema.

"Vilikuwa vimeingia maji. Nikafikiri, Shafiq atakuja atavikuta baridi." Alisema hivyo kana kwamba jambo lenyewe liko wazi. "Sikufikiri kabisa kwamba ninamweka yeye mahali pangu. Wallahi, mimi si Mwislamu, lakini naapa hivyo. Nilifikiri mguu wake tu."

Koplo alitoa pingu. Sulaiman akamwashiria angoje. Alitamani kuwa na neno la kumwambia mwanamke yule. Alilokuwa nalo ni la sheria tu, akalisema: kwamba kila alichosema kuhusu vidole vya Rosina kitaandikwa kwanza, juu kabisa, na kwamba Maan naye atatoka kwa pingu katika mlango uleule leo hii.

"Soksi zako zimelowa," akaongeza.

Wakati Justine anasimulia, Shafiq alikuwa ameondoka. Koplo alishtuka, akageuka kumtafuta, akamwona akirudi kutoka upande wa mashine, anachechemea, ameshika viatu vya Justine vya mjini, vile vyeusi vya kamba alivyovivua asubuhi akavaa ndara za kantini. Alipiga magoti mbele ya Justine juu ya barafu, akamvua soksi mbichi, akamfuta nyayo kwa ncha ya shati lake, akamvisha cha kulia, kisha cha kushoto.

Nje, lami ya Al Garhoud ilikuwa inayeyuka. Koplo alitaka kucheka alipotambua kwamba kijana yule alikuwa ameviweka juu ya bomba la moto. Kicheko hakikutoka.

"Vina moto," Justine alisema.

"Ndiyo, dada," Shafiq alijibu, akaendelea kumfunga kamba, mafundo mawili.